Mkoa wa Pwani siku kwa siku: kutoka Kibaha hadi Kilindoni

Mkoa wa Pwani umelizunguka Jiji la Dar es Salaam kaskazini, magharibi na kusini; upande wa mashariki jiji limebakiwa na bahari tu. Barabara kuu za kutokea Dar ni nne: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa. Kila moja ikivuka mpaka wa jiji inaingia Pwani, na hapo ndipo ugumu wa mkoa huu ulipo. Barabara hizo zinaelekea bandarini tangu enzi ambazo Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya nchi na sehemu ya Mkoa wa Pwani wa wakati ule. Miaka ya 1970 mikoa ikatenganishwa, kisha ofisi za mkoa zikawekwa Kibaha. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973 na ukatungiwa sheria mwaka 2018. Barabara zikabaki vilevile. Mpaka leo mtu wa Mkuranga akiitwa Kibaha anatoka mkoani kwake, anakatiza mkoa wa watu, ndipo arudi mkoani kwake.

Kwa hiyo njia iliyoandikwa hapa imebidi ipite Dar katikati ya safari. Haikwepeki. Inaanza Jumatatu kwa sababu ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, na vibali vyote vya mkoa vinaanzia Kibaha.

Jumatatu: Kibaha

Kianzio ni Mbezi Luis, penye kituo cha mabasi cha Magufuli. Kwa Kibaha tumia daladala na Coaster za Kibaha au Mlandizi. Mabasi makubwa ya Morogoro na Dodoma hayana haja na abiria wa karibu. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa kuwa njia nane, na kero ya foleni imepungua sana ikilinganishwa na zamani. Foleni iliyobaki huanzia pale upana unapoisha, upande wa Kibaha kuelekea Mlandizi, ambako malori ya Zambia na Kongo yanabanana kwenye njia mbili.

Ukipita Kibamba unaingia Kiluvya. Wengi hudhani hapo ni Kibaha. Kiluvya ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, ambayo makao makuu yake yako ng'ambo ya vilima vya Pugu. Mkazi wa hapo anaziona taa za Kibaha usiku, lakini diwani wake anakaa vikao Kisarawe na faili lake la ardhi liko hukohuko. Ipo barabara ya mkoa ya kukatisha kutoka Kiluvya hadi Mpuyani, upande wa Kisarawe. Bila hiyo, njia ya lami ni kurudi Dar na kutokea Pugu.

Majina nayo yanataka uangalifu. Kuna Kongowe ya Kibaha na Kongowe ya Mbagala, mbali kabisa moja na nyingine. Masaki ya Kisarawe ni kata ya wakulima, si ile Masaki ya Dar yenye mabalozi. Bagamoyo ina Magomeni yake na Kisutu yake. Kisarawe II iko Kigamboni, mkoa wa Dar es Salaam. Ukituma mzigo au ukimwelekeza bodaboda, taja wilaya kwanza.

Ofisi za mkoa: mwambie konda akushushe Mkoani. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa. Kazi za kila siku za kiutendaji ziko kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na barua yoyote ya maombi huandikwa kwa cheo chake. Mkoa una wilaya saba: Bagamoyo, Kibaha, Kisarawe, Mkuranga, Kibiti, Rufiji na Mafia. Halmashauri ni tisa, kwa kuwa Bagamoyo na Kibaha zina mbili mbili. Majimbo ya ubunge pia ni tisa.

Tofauti ya wilaya na halmashauri ndiyo inayowapotezea watu siku nzima. Mkuu wa Wilaya na Katibu Tawala wake ni mkono wa serikali kuu. Shule za msingi na sekondari, zahanati, leseni za biashara, vibali vya ujenzi na upimaji wa viwanja viko kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, anayefanya kazi na baraza la madiwani. Mtu mwenye shida ya kiwanja huenda kwa Mkuu wa Wilaya kwa sababu jina lake ndilo linalosikika redioni, anasikilizwa vizuri, kisha anaambiwa aende halmashauri. Na Kibaha halmashauri zenyewe ni mbili: ya mjini iko Kibaha penyewe, ya wilaya iko Mlandizi. Barua iliyoandikwa "Mkurugenzi, Kibaha" bila kutaja ipi inaweza kulala masjala wiki nzima.

Mtafiti mwenye kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, anapita ngazi hizi kwa mpangilio: Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji au Mtaa. Kila ngazi inatoa barua yake ya kwenda ngazi inayofuata na kubaki na nakala. Toa nakala za kutosha Kibaha, maana kijijini umeme unaweza usiwepo siku unayoihitaji mashine. Afisa Tarafa, aliye kati ya wilaya na kata, hana baraza wala bajeti ya huduma. Ila katika wilaya kubwa kama Rufiji ndiye anayejua ni mtendaji gani yuko kituoni na nani yuko likizo.

Kibaha inafaa kutazamwa kwa jambo moja zaidi, nalo ni kijiji kinavyogeuka kuwa mtaa. Kijijini ardhi husimamiwa na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na haigawiwi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Mji ukipanuka na kijiji kikifutwa kuwa mtaa, halmashauri ile inakufa na ardhi inahamia chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huohuo. Karatasi za mauziano hazifi. Mtu anauziwa kiwanja kwa hati yenye muhuri wa kijiji ambacho hakipo tena, saini ya mwenyekiti aliyemaliza muda, na tarehe iliyorudishwa nyuma. Kabla ya kulipa, muulize Mtendaji wa Kata mambo mawili: eneo hili lilikuwa kijiji hadi mwaka gani, na je, limeshapangwa mchoro wa mipango miji? Kisha uuone mchoro wenyewe halmashauri. Viwanja vingi vya "nusu ekari bei poa" vimeangukia kwenye barabara au eneo la wazi la mchoro huo.

Sensa inaeleza kwa nini biashara hii imepamba moto: mkoa ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012 na 2,024,947 mwaka 2022.

Jumanne: Mlandizi, Ruvu, Chalinze

Coaster za Mlandizi zinaondoka zikijaa. Mlandizi ndipo penye mtambo wa maji wa Ruvu Juu, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Mwenzake wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, unaweza lita milioni 270. Mitambo hii miwili ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mto Ruvu unatoka milima ya Uluguru, na mitambo inachota maji ya mto unaotiririka bila bwawa kubwa la akiba nyuma yake. Vuli ikikosekana, kina kinashuka na mgawo unaanza, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2021 na 2022. Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, linajengwa kwa ajili hiyo: kushika lita bilioni 190 wakati wa masika na kuzifungulia wakati wa kiangazi.

Kwa utawala, maji haya yana mambo yake. Chanzo kiko Pwani, mteja mkubwa ni Dar, na mamlaka ni moja, DAWASA, inayohudumia jiji pamoja na miji ya Pwani iliyo karibu kama Kibaha, Bagamoyo, Chalinze, Kisarawe na Mkuranga. Vijijini ni RUWASA. Mwanakijiji aliyepitiwa na bomba kubwa la kwenda Dar bila kuwa na bomba la kwake hapati jibu RUWASA wala halmashauri, kwa kuwa bomba lile si lao. Malalamiko yake yaende ofisi ya DAWASA ya eneo, kupitia Mtendaji wa Kata.

Upande huuhuu wa Kibaha vijijini kuna Kwala, penye bandari kavu, na Soga, penye stesheni ya reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024. Treni ya haraka haisimami Soga wala Ruvu. Kata tiketi ya treni ya kawaida.

Baada ya daraja la Ruvu kuna mizani ya Vigwaza. Abiria wa basi wanaipita bila kuijali. Mwenye lori lake anajua kwamba uzito hupimwa kwa kila ekseli, si jumla peke yake. Lori lisilozidi jumla linaweza kukamatwa kwa sababu mzigo umelalia nyuma.

Chalinze ni njia panda: kushoto Morogoro, kulia Segera, Tanga na Arusha. Ni mji wa wapita njia, wenye chipsi, mishikaki na maduka yasiyofungwa usiku. Wilaya yake ni Bagamoyo, halmashauri yake ni Chalinze. Yaani Mkuu wa Wilaya mmoja, wakurugenzi wawili, mabaraza ya madiwani mawili. Kati ya hizo mbili, Halmashauri ya Chalinze ndiyo kubwa kwa eneo, na ina mbuga za malisho mpaka mtoni Wami. Ugomvi wa wakulima na wafugaji wa bonde la Ruvu na Wami huwa mkali zaidi Agosti hadi Oktoba, malisho ya juu yanapokauka na mifugo kushushwa kwenye mashamba ya mabondeni. Kijiji chenye mpango wa matumizi bora ya ardhi uliosajiliwa kina pa kusimamia mbele ya baraza la ardhi; kisicho nao kinabaki kupiga simu polisi.

Lala Chalinze, mbali kidogo na barabara. Breki za malori hazikupi usingizi.

Jumatano: Msata, Kiwangwa, Bagamoyo

Mabasi ya Tanga yatakushusha Msata. Ukiendelea mbele ungefika Wami, penye daraja jipya la mita 513.5 lililochukua nafasi ya lile jembamba la mwaka 1959, ambalo magari yalikuwa yanapishana kwa zamu kwenye mteremko mkali. Pia kuna njia ya kwenda Saadani, hifadhi ya taifa iliyoota ufukweni na kugawanywa kati ya Pwani na Tanga. Safari hii inakata kulia.

Msata hadi Bagamoyo ni kilomita 64 za lami. Kiwangwa bado ni Chalinze, na ni mji wa mananasi: Novemba hadi Januari yanapangwa barabarani kama matofali, na bei ya jioni ni nusu ya bei ya asubuhi. Kuanzia Fukayosi uko Halmashauri ya Bagamoyo. Kisha ardhi inashuka kwenye bonde la Ruvu, mto uleule wa jana, sasa mpana na mzito kwa tope. Masika yakiwa makubwa, Aprili na Mei, uliza hali ya barabara kabla ya kuondoka Msata. Maji ya bondeni hapa hayatokani na mvua ya Bagamoyo. Yanafika siku kadhaa baada ya mvua za Uluguru, na mbingu inaweza kuwa nyeupe kabisa.

Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891 walipohamia Dar es Salaam, kwa kuwa pwani yake haina kina: majahazi yanakaa mchangani maji yakitoka, meli kubwa zinatia nanga mbali. Boma lao lipo bado, na magofu ya Kaole yako kilomita chache kusini. Mji unaongozwa kwa vitongoji badala ya vijiji. Barua ya utambulisho inaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwenda moja kwa moja kata.

Kurudi Dar kuna daladala za Makumbusho, kupitia Kerege na Mapinga. Mto Mpiji ndio mpaka. Upande wa Mapinga bei za viwanja zinafuata za Bunju, na yale yaliyosemwa ya Kibaha kuhusu kijiji na mtaa yanahusu huku pia, tena zaidi.

Alhamisi: Kisarawe

Panda daladala za Gongo la Mboto, kisha za Kisarawe. Pugu ikiisha barabara inapanda kilimani na baridi kidogo inaingia dirishani. Vilima hivi, vya mita 200 hadi 300 hivi, vina udongo mweupe wa kaolini na mabaki ya msitu wa asili wa Pugu na Kazimzumbwi. Mpaka wa Ilala na Kisarawe unapita hapahapa, na msitu umelipa gharama ya kuwa karibu na jiji: mkaa, mashamba, kisha nyumba. Viwanja vya kando ya msitu vinauzwa kwa maneno "hifadhi imeisha pale kwenye mwembe". Mpaka wa hifadhi haumo mwembeni, umo kwenye ramani ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Omba kuonyeshwa jiwe la mpaka lenye namba.

Mji wa Kisarawe uko ukingoni kabisa mwa wilaya yake. Kutoka hapo wilaya inanyooka kusini-magharibi: Masaki, Maneromango, Mzenga inakopita reli ya TAZARA, hadi Vikumburu. Mtu wa Vikumburu anafika makao makuu ya wilaya akiwa ameshafika mlangoni mwa Dar.

Ipo barabara moja inayojaribu kuunganisha mkoa kwa ndani bila kugusa jiji: Makofia ya Bagamoyo, Mlandizi, Maneromango, Vikumburu. Ingekuwa lami yote, ramani ya utawala wa Pwani ingebadilika bila kuhamisha ofisi hata moja. Kiangazi pikipiki inapita na gari lenye tairi refu linapita. Masika mabonde yake yana udongo mweusi wa mfinyanzi unaojaa kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kwenye vilima ni mchanga, na kosa la wengi ni kukanyaga mafuta. Punguza upepo wa tairi, tia gia ndogo, usisimame katikati.

Kuhusu barabara za aina hii, jua wa kumlalamikia. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za wilaya, za kuunganisha vijiji na za mitaani ni za TARURA, iliyoanzishwa 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri, ndiyo maana madiwani bado wanaulizwa makalavati ambayo hawana fungu lake.

Rudi Dar jioni, lala Mbagala.

Ijumaa: Mkuranga

Mbagala Rangi Tatu ndiyo stendi ya kusini. Fika Mkuranga kabla ya saa tano ikiwa una shida ya ofisini, kwa sababu baada ya swala ya Ijumaa watumishi wengi hawarudi haraka mezani. Mwandege ndiyo mwanzo wa mkoa, kisha Vikindu, na kuanzia hapo viwanda na yadi vimeshikana na mikorosho.

Korosho ndiyo fedha ya Mkuranga, Kibiti na Rufiji. Mti hupuliziwa salfa ya unga wakati wa kuchanua, kati ya Juni na Agosti, kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Hupuliziwa alfajiri, kabla upepo haujaamka, maana unga ukibebwa na upepo haushiki kwenye ua. Mavuno yanaanza Oktoba na hapo ndipo Pwani inapopigwa: vuli inaingia wakati korosho iko chini. Korosho iliyolowa mchangani usiku mbili tatu inapata madoa na kushuka daraja. Dawa yake ni kuokota kila siku, kutenganisha na bibo palepale, kuanika juani siku mbili au tatu huku ukigeuza, na kutumia magunia ya katani. Gunia la plastiki linatokosa korosho.

Mauzo yanapitia chama cha msingi, yaani AMCOS, kwenda ghala kuu chini ya chama kikuu cha ushirika cha mkoa, CORECU, kwa stakabadhi ghalani na mnada. Mkulima analipwa benki baada ya mnada, si siku ya kupima. Pengo hilo la siku ndilo linalozaa kangomba: mnunuzi wa pembeni anayelipa taslimu kwa kipimo cha bakuli, kwa bei ya chini, Septemba kabla ya msimu, wakati ada za shule na njaa vimebana. Ni kosa kisheria. Mwenye akaunti iliyolala hukuta fedha zimerudishwa, kwa hiyo akaunti ihuishwe kabla ya mnada wa kwanza.

Jumamosi: Kibiti, Ikwiriri, Utete

Ofisi zimefungwa, na siku hii ni ya kuutazama mto. Mabasi ya Kilwa, Lindi na Mtwara yanapita Mkuranga asubuhi. Kwa Ikwiriri tumia Coaster za Mbagala. Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti. Kibiti ilikuwa tarafa ya Rufiji hadi ilipopewa wilaya yake miaka ya 2010, na mgawanyo ulikuwa na maana yake: mdomo wa mto, yaani delta na mikoko yake, ulienda Kibiti, na bonde la juu likabaki Rufiji.

Ikwiriri ndiyo mji wa biashara wa Rufiji, lakini makao makuu ya wilaya ni Utete, ng'ambo ya kusini. Njia ya lami inavuka Daraja la Mkapa, karibu kilomita moja kwa urefu, lililofunguliwa 2003. Kabla yake kulikuwa na kivuko cha Ndundu, na masika kusini yote ya nchi ilikatika hapo. Ukishavuka, endelea hadi Nyamwage, kisha kata kulia kilomita 33 hivi kwenda Utete. Upande wa kaskazini ungeweza pia kufika Mkongo na kuvuka kwa kivuko hadi Utete; ni njia fupi, lakini inategemea kina cha maji na saa za kivuko.

Mto Rufiji unakusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu. Wakulima wa bonde wana misimu miwili: mpunga wa masika, na mlau, yaani mahindi, kunde na mboga zinazopandwa kwenye tope mafuriko yanapoondoka, kuanzia Mei au Juni, bila mvua. Mlau unategemea kufurika kwa kiasi. Mafuriko yakipita kiasi, kama ya Aprili 2024, yanachukua mpunga na nyumba. Yasipokuja, hakuna tope la kupandia. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilipohamishia watu vijiji vya juu, mashamba yalibaki bondeni, na mpaka leo familia inahamia kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na ngedere. Mtendaji anayehesabu kaya mwezi wa Machi kijijini juu atakuta nyumba zimefungwa. Aende mashambani.

Juu ya mto kuna Bwawa la Mwalimu Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Tangu lijazwe, saa ya mafuriko haiamuliwi na mvua peke yake. Tangazo la kufungulia maji linafika kwa watendaji wa vijiji, na mwenye dungu bondeni awe na namba ya mtendaji wake.

Hospitali ya wilaya iko Utete, ya rufaa ya mkoa iko Tumbi, Kibaha. Piga hesabu ya gari la wagonjwa: Nyamwage, Ikwiriri, Mbagala, Temeke, Mbezi, Kibaha. Njiani limepita karibu na hospitali ya rufaa ya Temeke. Mwenye mgonjwa aulize mapema rufaa imeandikwa kwenda wapi.

Rudi ulale Kibiti au Bungu.

Jumapili: Bungu, Nyamisati, baharini

Kutoka Bungu barabara inakata mashariki hadi Nyamisati, gati la Kibiti la kwenda Mafia. Usiulize "boti inaondoka saa ngapi" bila kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Nyamisati iko ndani ya mkono wa bahari wenye mikoko, na maji yakitoka kabisa chombo kizito kinakaa matopeni. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji ni kubwa na muda wa kutoka ni mfupi; siku za maji mafu una nafasi zaidi. Saa za kuondoka husogea mbele kila siku, hivyo ratiba ya wiki iliyopita haikusaidii.

Kivuko cha MV Kilindoni ndicho cha kupendelea, na vyombo vya watu binafsi vipo. Vaa jaketi okozi, usiliweke chini ya benchi. Juni hadi Agosti, kusi likivuma, mlango wa Mafia unachafuka mchana. Safari ya alfajiri ni tulivu zaidi. Tiketi hudai jina kamili na namba ya simu kwa orodha ya abiria. Andika la kitambulisho.

Maeneo ya delta hapo kusini, Msala, Mbuchi, Kiongoroni na Maparoni, ni kata kamili zenye shule na watendaji, na barabara yao ni maji. Mtihani wa taifa, chanjo, sanduku la kura, vyote vinasafiri kwa kufuata kupwa na kujaa. Taarifa ya robo mwaka kutoka huko ikichelewa siku mbili, pengine mtendaji alikuwa anasubiri maji.

Jumatatu: Kilindoni

Mafia ni wilaya moja, halmashauri moja na jimbo moja, hivyo mkanganyiko wa Kibaha haupo: ofisi zote ziko Kilindoni, za kutembea kwa miguu. Lami inakwenda Utende, kilomita 14, penye ofisi ya Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa 1995 ikiwa ya kwanza nchini na yenye kilomita za mraba 822. Upande wa kaskazini hadi Rasi Mkumbi ni kilomita 55 hivi, mchanga na minazi.

Ukitaka Chole, Juani au Jibondo, visiwa vidogo vya kusini, kumbuka kwamba viko ndani ya hifadhi ya bahari na papo hapo ni vijiji vya kata ya Jibondo. Mamlaka ni mbili. Ada ya kuingia unalipa hifadhi, kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki, si mkononi. Shughuli ya kijijini unaripoti kwa mtendaji. Mvuvi naye ana leseni ya halmashauri, lakini aina ya nyavu na maeneo anayoruhusiwa yamepangwa na hifadhi, na kuwa na moja hakumwondolei nyingine. Wanaofuata papa potwe waje kati ya Oktoba na Machi, wanapokaribia Kilindoni yenyewe.

Mtumishi wa Mafia anayeitwa kikao cha mkoa Kibaha Jumatano saa tatu asubuhi anaondoka Jumatatu kwa maji: Nyamisati, Bungu, Mbagala, akalala Dar, Jumanne avuke jiji hadi Mbezi na kuingia Kibaha jioni. Kwa ndege ndogo Dar ni nusu saa hivi, kisha foleni ya kutoka uwanjani hadi Mbezi, ambayo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko ndege.